Tundu la robo inchi kwenye makubadhi ya ami

Sanduku lilirudi Jumatano moja ya Novemba 2021, wiki saba tangu nilitume. Lilikuwa limewekwa juu ya kaunta ya ofisi ya vifurushi hapa Mombasa, pembe moja imebonyea, utepe wa rangi nyingine umebandikwa juu ya utepe wangu. Nilipolifungua, harufu ilinifikia kabla sijaona kitu. Koga. Kanda za mbele, ambazo ami alizidarizi kwa uzi mwekundu na wa kijani siku nne mfululizo, zilikuwa zimeota unga mweupe. Nikapangusa kwa kidole. Unga ulitoka, lakini chini yake ngozi ilibaki na baka.

Jozi tatu za makubadhi zilikwenda Hamburg, Ujerumani, na jozi tatu zikarudi, hakuna hata moja iliyofika mikononi mwa aliyezitaka. Kosa lilikuwa langu, na lilikuwa kwenye karatasi. Kiatu chenyewe hakikuwa na dosari wakati kinatoka kwetu.

Karakana yetu iko Mji wa Kale, chumba cha chini chenye mlango mmoja unaotazama kichochoro. Ami, ndugu mdogo wa marehemu baba, ndiye fundi. Yeye hukata, hushona na kudarizi. Mimi hununua ngozi, huuza, huandika na kutuma. Makubadhi ni kiatu cha pwani hii tangu zamani: soli ya ngozi tabaka juu ya tabaka, ukanda mpana juu ya mguu, na kitanzi cha kidole gumba. Wateja wetu walikuwa mabwana harusi, wazee wanaokwenda msikitini Ijumaa, na wageni wa meli. Korona ilipokuja mwaka 2020 wageni wakakatika, na mimi nikaanza kuandikia wenye maduka ya mbali. Mama mmoja mwenye duka dogo la viatu Hamburg akajibu. Alitaka jozi tatu za saizi tatu, aitazame kazi kabla ya kuagiza.

Niliuliza watu kadhaa namna ya kutuma, na wote walinipa jibu moja: andika ni zawadi, thamani weka sufuri, hawatakusumbua. Nikafanya hivyo. Fomu ya posta ya CN22, ile ndogo inayobandikwa juu ya kifurushi, ina visanduku vya kutia alama: zawadi, hati, bidhaa ya kuuzwa, sampuli ya biashara. Naikumbuka kalamu yangu ikipita juu ya kisanduku cha sampuli ya biashara na kwenda kutia alama kwenye zawadi. Jibu la kweli lilikuwa limeshachapishwa pale, likinisubiri.

Halafu ndani ya sanduku nikatia karatasi ya bei. Euro 38 kwa jozi, na bei ya chini kidogo kwa anayechukua jozi 50. Mke wa ami naye akatia kipaketi cha karafuu, ili sanduku likifunguliwa linukie pwani.

Mama wa Hamburg alinisimulia kwa simu yaliyotokea. Aliitwa ofisi ya forodha kwa barua. Afisa akafungua sanduku mbele yake, akatoa jozi moja, ya pili, ya tatu, akazipanga mezani: saizi 37, 39 na 41. Akatoa karafuu, ambazo hazikuandikwa popote. Akatoa karatasi ya bei. Kisha akamuuliza ni zawadi gani inayotoka kwa kampuni kwenda kwa mwenye duka, saizi tatu, pamoja na bei yake. Yule mama hakuwa na la kusema. Hakunikasirikia, na upole wake ule uliniuma kuliko ambavyo ukali ungeniuma. Alisema tu kwamba jina lake ndilo lililoandikwa kama mpokeaji, na yeye hupokea mizigo kila mwezi kutoka nchi nyingine, hivyo hawezi kuonekana mbele ya maafisa wale kama mtu wa kuficha. Akakataa sanduku, likaanza safari ya kurudi.

Sasa tuhesabu nilichokuwa naokoa. Jozi tatu kwa euro 38 ni euro 114. Wakati ule, mzigo usiozidi thamani ya euro 150 uliingia Umoja wa Ulaya bila ushuru wa forodha. Kilichobaki ni VAT tu, kodi ya ongezeko la thamani, ambayo tangu tarehe 1 Julai 2021 hutozwa kuanzia euro ya kwanza. Zamani mizigo ya chini ya euro 22 ilisamehewa. VAT ya Ujerumani ni asilimia 19. Kwa euro 114 inakuja euro 21 na senti 66, ukiacha nauli ambayo nayo huingizwa kwenye hesabu. Na mwenye duka aliyesajiliwa huidai VAT hiyo tena katika hesabu zake za kodi. Kwa hiyo nilidanganya ili kuokoa pesa ambayo mwenzangu angerudishiwa. Kama ningeandika ukweli, sanduku lingepita.

Hata kurudi kwake hapa nyumbani hakukuwa bure. Afisa wa kike aliyekuwa zamu alitazama stakabadhi, akatazama viatu, akaniambia, "Dada, hivi ni viatu vipya kutoka Ujerumani. Vina ushuru." Nikamwambia vimeshonwa mtaa wa tatu kutoka pale aliposimama. Akatabasamu. "Nakuamini, dada yangu. Lakini faili haiwezi kuandika kwamba nakuamini. Niletee karatasi ya kuondokea."

Sheria ya forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 inaruhusu bidhaa iliyotoka hapa irudi bila ushuru, mradi ionekane kuwa ni ile ile na haikubadilishwa huko ilikokwenda. Lakini lazima uthibitishe. Nilipekua nyumba siku mbili nikitafuta risiti yenye nambari ya kifurushi, nikaikuta imekunjwa ndani ya daftari la madeni. Tangu siku ile kila sanduku linaloondoka huacha bahasha ya kaki: nakala ya ankara, nakala ya fomu, risiti, na picha za viatu, hasa soli, kwa sababu mshono wa ami haufanani na wa mtu mwingine.

Baada ya hapo nilikwenda kwa wakala wa forodha, mzee aliyefanya kazi ya kutoa mizigo bandarini Kilindini tangu ujana wake. Nilimpelekea kubadhi moja la kushoto. Nilidhani ataniuliza uzito na bei. Badala yake alilipindua, akaitazama soli muda mrefu, akaikwaruza kwa ukucha.

"Hii ngozi au mpira?"

"Ngozi, mzee. Tabaka tatu."

"Na hiki kitanzi, ni cha gumba?"

"Ndiyo."

Akafungua kitabu cha nambari za ushuru, akateremka na kidole mpaka sura ya 64, ya viatu, akasimama kwenye 6403.20. Akanisomea kwa Kiingereza, kisha akanifasiria polepole: viatu vyenye soli ya nje ya ngozi, na ambavyo sehemu yake ya juu ni kanda za ngozi zinazopita juu ya mgongo wa mguu na kuzunguka kidole gumba.

Nilimwomba asome tena. Nilikaa pale kwenye benchi lake nikihisi jambo ambalo sijui kulieleza vizuri hata leo. Mfumo huu wa nambari unasimamiwa na Shirika la Forodha Duniani, umekuwa ukitumika tangu 1988, na tarakimu sita za mwanzo ni zile zile ukiwa Mombasa, Hamburg au Chicago. Na ndani yake, kati ya maelfu ya mistari ya vyuma, nguo na mashine, kuna mstari unaotaja kitanzi cha kidole gumba. Nilikuwa nimeandika "shoes, gift" kwenye fomu, nikadhani hakuna atakayeelewa zaidi ya hapo. Kumbe afisa wa Hamburg alikuwa na sentensi nzima ya kukielezea kiatu cha ami.

Mzee yule alinionya pia. Zile jozi nyingine tulizokuwa tunatengeneza kwa wateja wa barabarani, za ukanda wa ngozi na soli ya tairi, si 6403.20. Soli ikiwa mpira na juu ngozi, kiatu kinahamia nambari nyingine ndani ya 6403, na ushuru wake katika nchi fulani unaweza kuwa tofauti. "Ukichanganya jozi mbili hizi katika sanduku moja," alisema, "andika mistari miwili. Usiziandike kwa jina moja kwa kuwa zote wewe waziita makubadhi."

Ankara yangu ya sampuli siku hizi ni ukurasa mmoja, na mstari wake mkuu, ukiufasiri, unasema hivi: viatu vya wazi vya kike, soli ya nje ya ngozi ya ng'ombe, kanda za juu za ngozi ya ng'ombe, vimeshonwa kwa mkono, nambari 6403.20, asili yake Kenya, jozi 3, euro 38 kila jozi, jumla euro 114, sampuli za biashara, si za kuuzwa, thamani imetajwa kwa ajili ya forodha. Chini yake jina la mpokeaji, simu yake, barua pepe yake, na nambari yake ya EORI, ya kumtambulisha forodhani, ambayo kila mfanyabiashara wa Ulaya anayeagiza mizigo huwa nayo. Mnunuzi asiponipa nambari hiyo, sitengenezi sanduku. Si ukaidi. Mtu ambaye hana EORI kwa kawaida hajawahi kuagiza chochote, na sampuli yangu itakuwa darasa lake la kwanza kwa gharama yangu.

Watu hubishana nami sana juu ya thamani. Wananiambia sampuli haikulipiwa, basi thamani yake ni sufuri. Hapana. Kiatu ni kiatu, na mtu wa forodha anataka kujua kingeuzwa shilingi ngapi kwa mnunuzi yule yule. Mimi naandika bei ya jumla ninayompa mnunuzi huyo, basi. Siandiki bei ya rejareja ya dukani kwake, wala siandiki gharama ya ngozi peke yake. Na karatasi ya bei iliyomo ndani lazima ifanane na ankara iliyo nje. Hili nalirudia kwa kila anayeniuliza kwa sababu ndilo lililoniadhiri.

Karafuu hazitiwi tena. Mke wa ami alihuzunika, nikamweleza kwamba kila kilicho ndani ya sanduku lazima kiwe na mstari wake, na mazao ya mmea yana masharti yake mbali na viatu. Wala hatujazi tena makumbi ya nazi pembeni ili viatu visicheze.

Koga nayo nilijifunza dawa yake. Hapa pwani hewa ina maji mwaka mzima, na wakati wa masika ukiacha mkoba wa ngozi kabatini juma moja unaukuta umeota. Mimi nilikuwa nafunga kila jozi ndani ya mfuko wa plastiki na kuuziba kwa utepe, nikidhani naikinga na mvua. Nilikuwa naifungia ile hewa yetu ndani pamoja na kiatu, kisha inapanda ndege, inapoa, inakuwa maji. Sasa viatu hukaa siku mbili chumba cha juu penye upepo na pasipo jua, huviringishwa kitambaa cha pamba kisichotiwa rangi, na kila jozi hupata vifuko viwili vya chembechembe za silika. Magazeti situmii, wino wake hushika kwenye ngozi ya rangi ya asili. Plastiki iko nje ya boksi, si ndani.

Na boksi lenyewe liwe dogo. Kampuni za vifurushi hazitozi uzito wa mizani peke yake. Huzidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, hugawanya kwa 5,000, na hutoza uzito ulio mkubwa kati ya miwili. Boksi langu la mwanzo lilikuwa 40 kwa 30 kwa 30. Hiyo ni kilo 7.2 za hewa, ilhali jozi zote tatu hazikufika kilo mbili. Makubadhi ni kiatu bapa, kinalala. Boksi la 32 kwa 24 kwa 12 linachukua jozi tatu, na hesabu yake haifiki hata kilo mbili. Nililipa zaidi ya mara tatu ya nilichostahili kulipa, na mtu wa kaunta hakuwa na wajibu wa kuniambia.

Sanduku la pili la Hamburg liliondoka Februari 2022. Kabla ya kulifunga nilimwandikia yule mama nimuombe radhi kwa maneno yangu mwenyewe, nikamtumia picha ya ankara aisome, nikamuuliza jambo moja: nani analipa VAT na ile ada ambayo kampuni ya vifurushi hutoza kwa kutanguliza malipo forodhani? Ada hiyo ndiyo huwakera watu kuliko kodi yenyewe, kwa sababu inakuja bila kutarajiwa. Ukisafirisha kwa sharti la DDP, mtumaji ndiye anayelipa kila kitu mpaka mlangoni. Ukisafirisha kwa DAP, analipa mpokeaji. Zote ni sawa, mradi mmeafikiana kwa maandishi kabla boksi halijafungwa. Alichagua kulipa yeye. Sanduku lilifika siku ya sita.

Wiki tatu baadaye akanitumia ripoti ya maabara. Sikujua kwamba angepeleka kiatu maabara. Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Mei 2015, hauruhusu bidhaa ya ngozi inayogusa mwili kuwa na kromiamu ya sita kuanzia miligramu 3 kwa kila kilo ya ngozi, kwa sababu huwasha na kudhuru ngozi ya mtu. Soli zetu na kanda za rangi ya asili zilipita bila shida, kwani ile ni ngozi iliyoivishwa kwa magome ya miwati, haina kromiamu ndani yake. Ukanda mweusi ulianguka. Ngozi ile nyeusi nilikuwa nimeinunua kwa mtu mwingine, vipande vya mabaki, kwa kuwa ilikuwa laini na rahisi. Iliivishwa kwa chumvi za kromiamu, na ngozi ya namna hiyo isipotengenezwa na kuhifadhiwa vizuri, kromiamu iliyo salama hugeuka kuwa ile yenye madhara.

Nilimsomea ami ripoti. Alisikiliza, akauchukua ule ukanda mweusi, akaunusa, akaukunja mara mbili kati ya vidole. "Niliwaambia hini si ngozi yetu," alisema, na hakuongeza. Tangu hapo tunanunua ngozi ya magome peke yake, na nyeusi tunaipata kwa rangi ambayo muuzaji ameiandikia karatasi. Ngozi inayokwenda kwenye sampuli ndiyo inayokwenda kwenye agizo, bando lile lile. Ukituma sampuli ya ngozi nzuri kisha agizo kwa ngozi nyingine, hakuna karatasi ya forodha itakayokuokoa.

Agizo la kwanza la Hamburg lilikuwa jozi 24. Jozi 24 zilipita euro 150, na hapo ndipo asili ya bidhaa ilipoanza kuwa na thamani ya pesa. Tangu tarehe 1 Julai 2024 mkataba wa kiuchumi kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya unatumika, na bidhaa yenye asili ya Kenya huingia bila ushuru ikiwa ankara ina tamko la asili lililoandikwa kwa maneno ya mkataba wenyewe. Mimi nalitia tamko hilo hata kwenye sampuli, ili mnunuzi na wakala wake walizoee na ili mkono wangu usikosee siku ya mzigo mkubwa.

Marekani ni habari nyingine kabisa, na ndiko nilikojifunza kwa uchungu mara mbili.

Mnunuzi wetu wa Chicago alianza mwaka 2023. Wakati ule kifurushi cha thamani isiyozidi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru na bila maelezo mengi, kwa hiyo nilijiona nimefika. Nilimtumia jozi nne. Jozi tatu zikafika. Ya nne ikazuiwa, na ilikuwa nzuri kuliko zote: ukanda wake ulikuwa na kauri saba zilizopangwa kama ua. Nilidhani kauri ni pambo tu, kama kifungo. Kwa sheria za kwao, gamba la konokono wa baharini ni sehemu ya mnyamapori. Likiingizwa kwa biashara linahitaji tamko lake kwa fomu 3-177, mwagizaji awe na leseni, na mzigo upitie bandari zilizoteuliwa. Mimi sikuandika hata neno kauri. Kiatu hakikurudi.

Sikulalamika wala sitalalamika. Kauri zetu zinaokotwa na kuchumwa baharini mwetu, na kama kuna mtu upande wa pili anayehesabu ngapi zinaondoka, hata mimi ningetaka zihesabiwe. Lakini tangu siku hiyo natazama kila pambo kabla ya kutuma na kujiuliza lilikuwa nini kabla halijawa pambo: gamba, mfupa, pembe, unyoya, mbegu. Kwa Marekani tunatumia shanga za kioo.

Kisha tarehe 29 Agosti 2025 ule mlango wa dola 800 ukafungwa kwa nchi zote. Mnunuzi wa Chicago akaniandikia kwamba anataka kuona mitindo mitano mipya, lakini kila jozi sasa itatozwa ushuru kana kwamba ni ya kuuzwa. Wakala wake akampa njia, na njia hiyo ni halali na ya zamani. Sheria ya ushuru ya Marekani ina kifungu nambari 9811.00.60 kinachoruhusu sampuli iingie bila ushuru ikiwa thamani yake haizidi dola moja, au ikiwa imetiwa alama, imechanwa au imetobolewa hata isifae kuuzwa wala kutumiwa ila kama sampuli ya kutafutia maagizo. Kwa viatu, maana yake ni tundu kwenye soli, lisilopungua robo inchi, na neno SAMPLE kwa wino usiofutika.

Nilikaa na barua ile siku mbili. Hatimaye nikamkuta ami baada ya alasiri, jozi ya mwisho kati ya zile tano ikiwa mapajani mwake, akiusugua ukingo wa soli kwa kipande cha kioo mpaka ung'are. Nikamwambia.

Alisimamisha mkono. "Wanambia n'toboe vyatu vyangu mwenyewe?"

"Ndivyo wanavyotaka, ami. Ili visitozwe."

"Na nikitoboa, nani atavivaa?"

"Hakuna. Vitatazamwa tu."

Alinyamaza kitambo. Nje kulikuwa na watoto wanacheza mpira, ukagonga mlango wetu mara moja, hakuugeukia. Nilijua anachowaza, kwa sababu nami nilikuwa nakiwaza. Mtu huyu ana zaidi ya miaka hamsini katika kazi hii, na katika miaka yote hiyo kiatu chenye tundu kilikuja kwake ili akizibe.

Nikamwambia naweza kumpelekea kijana wa useremala jirani, ana keekee ya umeme, atamaliza kwa dakika tano na yeye ami asione. Hapo ndipo aliponitazama. "La. Mtu mwengine asitie chuma kwenye kazi yangu."

Alichukua kubadhi la kwanza akaligeuza. Akapapasa soli kwa kidole gumba, kuanzia kisigino kwenda mbele, akahesabu mishono kwa sauti ya chini. Akatia nukta kwa risasi ya penseli mahali ambapo uzi haupiti, chini kidogo ya kisigino. Kisha akatoa keekee yake ya mkono, ile ya marehemu babu, akaifunga chuma cha robo inchi, akaweka ubao chini, akaanza kuzungusha. Haikuwa haraka. Tabaka la kwanza, la pili, la tatu, na kila tabaka lilitoa sauti yake. Alipochomoa chuma, akapuliza vumbi, akasugua ukingo wa tundu kwa msasa mwembamba, kisha akaupaka nta kama anavyopaka ukingo wa soli.

"Ami, hilo halihitaji nta."

"Ni kazi yangu hii," akasema. "Hata tundu."

Tulitoboa makubadhi kumi jioni ile. Mimi niliandika SAMPLE ndani ya kila soli, karibu na tundu, na juu yake tayari kulikuwa na muhuri wa Made in Kenya uliopigwa kwa moto, kwa maana Marekani inataka nchi ya asili ionekane kwenye kiatu chenyewe. Kwenye ankara niliandika kifungu, nikaandika kwamba kila kiatu kimetobolewa soli kwa tundu la robo inchi, nikaambatisha picha ya kubadhi lililopinduliwa. Thamani niliiandika kamili, dola kwa jozi, ingawa hakitatozwa kitu. Sanduku lilipita siku iliyofika.

Mnunuzi aliniambia kwamba mteja wake mmoja alikiinua kiatu kile kwenye mwanga, akachungulia kupitia tundu, akaona tabaka tatu za ngozi zilivyokaa pamoja, zimebanana bila gundi iliyofurika. Akasema hajawahi kuuziwa kiatu akaiona soli yake kwa ndani. Agizo lilikuwa la jozi 60.

Nimeulizwa kama nitume hivyo hivyo Ulaya. Sheria ya Umoja wa Ulaya kuhusu sampuli zenye thamani ndogo nayo inawapa maafisa haki ya kutaka zitobolewe, zichanwe au zitiwe alama isiyofutika, mradi zisipoteze sura ya sampuli. Lakini mama wa Hamburg huzivaa sampuli zake mwezi mzima dukani kabla ya kuagiza, anataka kujua kitanzi kinamsugua wapi. Kwake tunatuma nzima, tunaandika bei kamili, analipa anachotakiwa kulipa. Ni juu ya mnunuzi kuchagua, na mimi namuuliza mapema.

Leo kuna maboksi mawili juu ya meza, ya 32 kwa 24 kwa 12, na bahasha mbili za kaki. Jozi sita zimepumzika chumba cha juu tangu juzi. Ami amezishusha mwenyewe asubuhi hii, tatu mkono wa kulia, tatu mkono wa kushoto, akazilaza kitambaani na kuivuta keekee karibu.

"Mwanangu," akaniuliza, "hizi ndizo za kutoboa, ama ni hizi?"